Nyama Moja kwa Sahani Zote

Nabintu alijua kupika nyama ya ng'ombe ya Jumapili kuwashinda Waingereza wengi, na hakujivunia, maana kwake hiyo ilikuwa kazi tu. Katika nyumba ya kulelea wazee kule Hodge Hill alikoajiriwa tangu binti yake Jeannine akiwa shule ya msingi, Jumapili haikuhesabiwa kuwa Jumapili mpaka pande la nyama liingie kwenye oveni. Baadhi ya wazee wale walikuwa hawakumbuki majina ya watoto wao, lakini mchuzi ukija mwepesi, kulalamika walikumbuka. Kwa hiyo alijifunza, tena akajifunza vizuri.

Mwalimu wake alikuwa mpishi mkuu, Jaswinder, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu na kuja Birmingham na Kiswahili chake mdomoni. Jaswinder hakuwahi kula ng'ombe tangu azaliwe. Alimpika kwa pua na kwa macho, na ilipofika kwenye chumvi alimwita Nabintu. "Kuja uonje, uniambie." Basi miaka yote hiyo mmoja alikuwa mikono na mwingine ulimi, na wazee walikula bila kujua habari hiyo.

Wiki moja Nabintu alimwendea Jaswinder na swali la ajabu. Alitaka chakula ambacho mgeni akiwekewa mbele yake hawezi kuikwepa nyama.

"Hawezi kuikwepa?" Jaswinder alicheka huku akikausha mikono. "Unataka kumlisha huyo mtu ama kumfunga?"

"Nataka tu akule."

"Basi usiweke vitu mingi mezani. Roast peke yake. Viazi uchome na mafuta ya hiyo nyama. Yorkshire pia, unga na mayai yake uchome na mafuta hiyo hiyo. Mchuzi, hiyo gravy, utoe kwa sinia ya nyama. Hapo hata akisema anakula kiazi tu, amekula ng'ombe. Na ikitoka kwa oven usikate saa hiyo hiyo. Wacha ilale kidogo, ama maji yote itaishia kwa ubao." Alimtazama Nabintu usoni, kicheko kikamwishia. "Ni nani huyo mgeni?"

"Baba ya Landry," alisema Nabintu, akaondoka kabla hajaulizwa jingine.

Landry alikuwa kijana wa Jeannine. Sema mchumba, maana mimba ilikwisha kuonekana hata ndani ya koti. Kijana mwenyewe hakuwa na kasoro ya kumtafutia maneno: mpole, anafanya kazi ya kufunga nyaya za umeme, akimsalimu Nabintu huinama kama alivyofunzwa. Nabintu alimpenda, na alimpenda mapema, kabla hajamuuliza swali ambalo mama yeyote wa kwao huuliza siku ya kwanza. Alipokuja kumuuliza, walikuwa wameshazoeana, kijana akijipakulia wali mwenyewe jikoni.

"Papa yako, kwabo ni wapi kabisa?"

"Hasemaki sana, Maman. Anasemaka tu Cibanzi. You know it?"

Nabintu alisema hapajui. Aliendelea kukatakata vitunguu mpaka vikawa uji.

Cibanzi kilikuwa kilima cha pili kutoka kwao. Nabintu alizaliwa Nyamubere, wazazi wakamfia mapema, akalelewa na kaka yake mmoja, Balagizi, aliyemwogesha, aliyemsuka nywele vibaya mpaka wenzake wakamcheka shuleni, aliyekataa kuoa mpaka kwanza mdogo wake amalize masomo. Vita vilipoingia na kila kijana akapata bunduki au panga la kutembea nalo, vijana wa Cibanzi walivuka bonde kuja kutafuta ng'ombe waliosema wameibwa. Balagizi hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na mbuzi na mdogo wake. Nabintu alikuwa amelala chini kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, ametafuna ukosi wa gauni lake asipige kelele, na hakuona uso wa mtu hata mmoja. Alichoona ni mwanga tu unaozunguka ndani ya nyumba. Asubuhi alimkuta kaka yake mlangoni.

Wazee waliobaki walikaa, wakatamka neno ambalo kwao halitamkwi kwa mchezo. Walisema kuanzia siku hiyo kuna nzigo kati ya nyumba ya Balagizi na walioimwaga damu yake. Nzigo ni hivi: ndugu wa waliouawa na waliowaua hawali pamoja. Hawali nyama moja, hawanywi chungu kimoja, wala watoto wao, wala watoto wa watoto wao. Anayevunja mwiko anaharibika, au uzao wake unaharibika. Na wa kwanza kushikwa, walisema, ni yule anayekula huku anajua. Kuna namna ya kuliondoa jambo hilo, wazee wa pande mbili wakikaa wakaonana, lakini mwezi uliofuata vilima vyote viwili vilikimbia. Wazee walikufa njiani au kambini. Nabintu alifika Castle Vale, Birmingham, na mume, ambaye baadaye alifariki kwa moyo, na binti mmoja, na nzigo ambayo hakuna aliyebaki wa kuiondoa.

Msimcheke. Alikuwa mtu wa kanisa, alikuwa mwimbaji, na mchungaji wake alikwisha kuhubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yalishindwa msalabani. Nabintu aliitikia amina kwa sauti. Lakini mwaka uliotangulia Jeannine alikuwa na mimba nyingine, ya Landry huyo huyo, nayo ikatoka. Hospitalini walieleza sababu, kwa upole na kwa kirefu, wakachora na picha. Nabintu alishukuru, akaenda nyumbani, akakaa na sababu yake mwenyewe. Jeannine na Landry walikuwa wanakula pamoja kila siku, chipsi za kwenye boksi moja, kijiko kimoja cha aiskrimu. Hawakujua, basi labda nzigo iliwapiga nusu. Hilo ndilo alilojiambia usiku, na lilimtesa kuliko kilio chenyewe.

Sasa kulikuwa na mimba hii ya pili. Na si kila mtu wa Cibanzi aliua. Kilima kile kilikuwa na wanawake, na wagonjwa, na walimu, na watu waliojificha kama yeye. Baba yake Landry, Cyriaque, angeweza kuwa yeyote kati ya hao. Nabintu aliomba awe mmoja wao. Aliomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha ya mama yake, ili pasiwe na kisingizio cha kutosikika.

Utasema, si amuulize? Lakini swali la namna hiyo linaulizwaje, na aliyeulizwa atajibu nini? Mdomo husema utakalo. Ila mtu wa kule, hata akae Ulaya mpaka mifupa iwe ya Kizungu, hawezi kutia kinywani nyama ya nyumba aliyoidhuru. Angeogopa. Nabintu aliamua: atamkaribisha Cyriaque mezani, atalitaja jina la kaka yake juu ya chakula, kisha atapakua. Mzee akila, hana hatia, na watoto waoane, na mtoto azaliwe salama. Hakutaka kitu kingine duniani ila yule mwanamume ale.

Ndiyo maana hakupika bugali, wala sombe ya majani ya muhogo, wala samaki, ingawa Jeannine alishangaa. Kwenye meza ya kwao mgeni anaweza kula samaki akaiacha nyama na asijulikane. Kwa Waingereza kila mtu huwekewa sahani yake, na kilichobaki kila mtu anakiona.

"A proper roast, Mum?" Jeannine alisema, akamkumbatia kwa nyuma, tumbo lake gumu mgongoni mwa mama yake. "For Landry's dad? Oh my God, you actually like them."

"Chambua karoti," alisema Nabintu.

Nyama aliinunua Sparkbrook, kwa mchinjaji wa Ladypool Road, pande la paja la nyuma lenye utando wa mafuta juu, limefungwa kamba. Aliitoa kwenye friji mapema ipoteze baridi. Aliipaka chumvi, pilipili manga na haradali, akaichoma juu ya moto mkali kila upande mpaka ikawa kahawia, kisha akailaza kwenye sinia juu ya vitunguu na kuisukuma ndani ya oveni. Viazi alivichemsha nusu, akavitikisa ndani ya chujio mpaka vikachubuka, akavimwagia mafuta yaliyokuwa yakichuruzika. Madirisha yakaingia ukungu. Harufu ikapanda ngazi, ikaingia vyumbani hadi kwenye nguo kabatini. Ilikuwa harufu nzuri, na mikono yake haikukosea hata mara moja.

Cyriaque aliingia pamoja na Landry, ameshika chupa ya juisi, amevaa suti ya kanisani. Walikuwa wameongea kwenye simu tu mpaka siku hiyo. Alikuwa mwanamume mrefu aliyeanza kupinda, mwenye viganja vikubwa vya mtu wa ghala, na macho yasiyokaa mahali.

"Karibu, Papa Landry. Muingie."

"Aksanti, Maman Jeannine. Aksanti sana kwa kutupokea."

Nabintu alimpa mkono. Alingoja mkono wake mwenyewe umwambie kitu, haukumwambia kitu. Mkono wa Cyriaque ulikuwa wa moto, wa kawaida.

Walikaa wanne. Nyama ililala chini ya foili mpaka ikatulia, Nabintu akaileta na ubao wake, akaikata mbele yao, vipande vyembamba vya kahawia pembeni na waridi katikati. Akaweka sahani ya Cyriaque kwanza kama heshima inavyotaka: vipande vitatu, viazi, karoti, Yorkshire iliyovimba, na mchuzi juu ya vyote. Kisha za watoto, kisha yake. Halafu akasema wasimame waombe.

Aliomba kwa ufupi. Alishukuru kwa safari, kwa kazi, kwa mtoto anayekuja. "Na ninakushukuru kwa ajili ya kaka yangu aliyenilea," alisema, "Balagizi wa Nyamubere, ambaye angekaa leo kwenye kiti cha baba. Chakula hiki ni cha nyumba yake. Naomba ukibariki kwa kila mutu atakayekula. Amina."

Jeannine na Landry waliitikia. Cyriaque hakuitikia. Nabintu alifumbua macho, akamwona amesimama ameshika mgongo wa kiti, akakaa kwa kuchelewa.

Watoto walikula kama watoto. Landry aliusifu mchuzi, Jeannine akasimulia jinsi mama yake alivyowahi kumfukuza mpishi mgeni jikoni kazini kwa sababu ya unga kuganda. Cyriaque alishika uma. Alikata kipande kidogo, akakisogeza pembeni. Alikata kiazi, akakisogeza pembeni. Alikunywa maji. Nabintu naye hakuwa amegusa chake. Alikuwa akimtazama mikono, na moyoni alikuwa akimsihi, kula, kula mzee, nakuomba kula.

"Dad, eat," alisema Landry. "Maman, usijali, huyu anamalizaka ng'ombe muzima ku harusi za watu."

"Tumbo," alisema Cyriaque. "Leo tumbo linanisumbua."

"It was fine this morning."

"Nimesema tumbo, Landry."

Jeannine, ambaye hakupenda ugomvi tangu utotoni, alisimama akamvuta Landry mkono waende jikoni kuangalia keki ya tufaha na kupasha kastadi. Mlango ukajifunga nyuma yao. Walisikika wakinong'ona, kisha wakicheka, maziwa yakimiminwa.

Nabintu alinyoosha mkono, akaivuta sahani ya Cyriaque mpaka mbele yake. Hakuwa amepanga hivyo. Alikuwa amepanga kupika na kutazama. Kilichofuata baada ya kutazama hakuwa amekipanga hata kidogo, kwa sababu hakutaka kuamini kwamba kitafika. Alichukua uma wa mwanamume yule, akachoma kipande cha nyama.

"Maman Jeannine, wacha." Cyriaque alimshika mkono. "Usikule hiyo. Ya ku sahani yangu usikule. Itakuuwa."

Basi. Hakuhitaji kuuliza tena. Aliyekuwa akimwombea asiwe yeye alikuwa ni yeye, na alikuwa amejisema mwenyewe kwa kumhurumia. Nabintu alihisi chuki ikimjaa mpaka kwenye meno. Kisu cha kukatia nyama kilikuwa karibu na kiwiko chake, na wote wawili walikiona.

"Ulikuwako," alisema.

"Balikuwa bandugu zangu bakubwa. Miye nilikuwa mutoto, nilikuwa nashika tochi."

Ule mwanga. Miaka yote aliota mwanga unaozunguka ndani ya nyumba, usio na mtu nyuma yake. Mtu wake sasa alikuwa ameketi mezani pake na tai shingoni, akilia bila sauti.

"Alisema nini?" Nabintu aliuliza. "Kaka yangu. Alisema nini?"

Cyriaque alitazama mlango wa jikoni. "Balimuuliza kama kuna mutu mwingine mu nyumba. Aliapa iko peke yake. Balimupiga sana juu ya ile swali. Aliapa tu, peke yake, peke yake. Mpaka mwisho."

Nabintu hakujua hilo. Alikuwa ameishi kwa kudhani kwamba hawakumtafuta.

Jikoni Jeannine alicheka tena, kicheko kirefu, na Landry akasema kitu kuhusu mtoto kupiga teke, na Jeannine akasema njoo ushike hapa, haraka, hapa. Kastadi iliachwa motoni. Harufu ya maziwa yanayoanza kushika chini ilipenya mlangoni. Nabintu alifikiri kwamba angeweza kufungua mlango ule na kusema. Neno moja tu lingetosha, na nyumba hii ingegawanyika, na mtoto angezaliwa katikati ya nyumba mbili zisizolishana. Au angenyamaza, na kesho Jeannine na Landry wangekula tena kijiko kimoja, na nzigo ikaendelea kupapasa gizani ikitafuta wa kumshika.

Inamshika kwanza anayekula akijua. Wazee walisema hivyo, na yeye aliwaamini wazee; ikishamshika yeye, haitahitaji kuwatafuta watoto.

Aliutoa mkono wa Cyriaque juu ya wake, kidole kimoja kimoja. Akatia kipande kinywani. Nyama ilikuwa laini, ilikuwa na chumvi ya kutosha, na hakuna chakula alichowahi kukichukia namna ile. Alitafuna akameza. Akachukua cha pili. Cyriaque alisema, "Maman, nakuomba," kisha akasema jina la Mungu, kisha akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Nabintu alikula cha tatu. Alikula viazi vyote na karoti, akapangusa mchuzi kwa Yorkshire mpaka sahani ikang'aa.

Halafu aliisukuma sahani tupu mpaka mbele ya Cyriaque, akamwekea uma na kisu juu yake sambamba, kama wazee wa Hodge Hill wanavyoweka wakishamaliza.

Mlango ulifunguliwa. Jeannine aliingia amebeba keki, uso umemng'aa kwa joto la oveni, Landry nyuma yake na bakuli la kastadi iliyoungua kidogo. Landry aliiona sahani, akampiga baba yake begani.

"See? Tumbo gani hilo! Dad, unalia? Jeannine, he's crying, look at him."

"Oh, bless," alisema Jeannine, na yeye macho yakamjaa. Alimtazama mama yake kwa woga, maana kumbe naye siku nzima alikuwa akingoja jibu. "So, Mum? Mnaonaje? Is it a yes?"

Cyriaque aliinua uso, akamtazama Nabintu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie macho yake yalikaa mahali pamoja.

"Amekula yote," Nabintu alimwambia binti yake. "Pangeni siku."